Nukta Mahali Pake

Sidhani kama kuna grafu inayochorwa mara nyingi zaidi katika nchi hii kuliko ile iliyomo ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Asubuhi za kliniki, kwenye zahanati na vituo vya afya, kwenye ofisi za vijiji na chini ya miembe, mkono wa nesi unatafuta mahali ambapo umri wa mtoto na uzito wake vinakutana, unatia nukta, kisha unanyooshwa kupokea kadi inayofuata. Tendo lenyewe halimalizi nusu dakika. Anayelifanya hajihesabu kuwa mtu wa hisabati, na mama aliyebeba mtoto hasemi kwamba amechorewa grafu. Anasema kadi imejazwa. Lakini ni hisabati ileile ya jira tuliyofundishwa shuleni, yenye mhimili uliolala na mhimili uliosimama, na kanuni moja isiyo na msamaha: kila jozi ya namba ina mahali pamoja tu pa kukaa.

Shuleni namba hutolewa bure. Mwalimu anaandika (3, 2) ubaoni, mwanafunzi anahesabu tatu kwenda kulia na mbili kwenda juu, anatia alama, anapata vema. Hakuna anayeuliza hiyo tatu ilipatikana wapi. Kliniki hakuna namba ya bure. Tatu ni miezi inayopaswa kuhesabiwa kutoka tarehe ambayo mama huenda anaikumbuka na huenda haikumbuki, na ile ya pili ni kilo za kiumbe kinachopiga mateke, kinacholia, na pengine kimeloa. Ndiyo maana nikitaka kumsifu mtu kwa ufundi wa kutia nukta, simfikirii mwanafunzi mwenye rula mpya na karatasi ya grafu. Namfikiria nesi wa kliniki ya watoto aliyedumu kwenye kazi hiyo. Nimewatazama kadhaa wakifanya kazi, na walio hodari wanafanana kwa jambo moja: kalamu ndicho kitu cha mwisho wanachokishika.

Wanaanza na tarehe. Kadi iko mezani, mtoto bado yuko mgongoni, na nesi anaisoma siku ya kuzaliwa kwa sauti ili mama aitikie. Hesabu inaonekana nyepesi. Aliyezaliwa mwezi wa tano, leo ni mwezi wa kumi na moja, ukitoa unabaki na sita. Lakini kama alizaliwa tarehe 28 na leo ni tarehe 14, mwezi wa sita haujatimia. Mtoto huyo ana miezi mitano. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kuhesabu miezi iliyotimia tu, na nukta ikae juu ya mstari wa wima wenyewe, isielee katika nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Asiyejua kazi hii ataliona jambo hilo kuwa ukaidi wa watu wa ofisini. Basi atazame viwango vya shirika hilo: mtoto wa kike wa katikati ana kilo 6.9 akitimiza miezi mitano, na kilo 7.3 akitimiza sita. Nukta ikisogezwa mstari mmoja kwenda kulia isivyo haki, mtoto anaonekana amepungukiwa gramu 400, na wala hakuna aliyemgusa.

Kwa mama asiyekumbuka tarehe, nesi hodari ana kalenda ya pili kichwani. Alizaliwa kabla ya Ramadhani au baada? Mlikuwa mmeshapanda mahindi? Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, au bado mlikuwa mnazingojea? Anaibana tarehe kutoka huku na huku mpaka ibaki nafasi ndogo ya kukosea. Halafu anaandika alichokipata kwenye kadi palepale, ili mwezi ujao asianze upya. Tarehe ikikadiriwa leo hivi na mwezi ujao vile, kadi moja itabeba nukta za watoto wawili.

Kisha mizani. Ile ya kuning'iniza, yenye uso wa mviringo na mshale, hubeba kilo 25 na imegawanywa kwa gramu 100. Inafungwa kwenye boriti au tawi imara, kwa kimo ambacho macho ya msomaji yatalingana na mshale, maana anayesoma kutoka chini anaona namba moja na anayesoma kutoka juu anaona nyingine. Suruali ya kupimia inatundikwa kwanza ikiwa tupu, na skrubu inazungushwa hadi mshale urudi kwenye sifuri. Nimeona kliniki zinazofanya hivyo mara moja tu asubuhi. Nimemwona pia nesi anayefanya hivyo kila suruali inapobadilishwa, kwa sababu iliyofuliwa jana na bado ina unyevu hailingani uzito na iliyokauka. Kwa lugha ya darasani, anahakikisha kwamba mahali mihimili inapoanzia ni sifuri ya kweli kabla hajahesabu hata hatua moja.

Ugomvi mkubwa huwa juu ya nguo. Mtoto wa kike anayefuata mstari wa kati ana kilo 8.5 akiwa na miezi kumi, 8.7 akiwa na kumi na mmoja, na 8.9 akitimiza mwaka. Katika umri huo, mwezi mzima wa kunyonya, kula uji na kulala umemwongezea gramu 200. Nepi iliyolowa na sweta vinazifikia gramu hizo bila taabu. Sasa fikiria asubuhi ya mwezi wa saba kule Makete au Njombe mjini, baridi inauma, na aliyemleta mtoto ni bibi.

"Bibi, avuliwe zote. Na soksi."

"Mjukuu wangu ataugua, mwanangu."

Nesi hodari habishani sana. Anafunga dirisha, anaagiza mtoto asivuliwe mpaka zamu yake ifike, anapima upesi, anamrudisha kwenye kanga na blanketi. Lakini hamwachii bibi ashinde. Bibi akishinda leo, na miezi mitatu baadaye joto likamfanya mtoto aje na fulana tu, kadi itaonyesha mtoto aliyepungua ambaye hakupungua. Hofu itaingia nyumbani kwa sababu ya sweta.

Mshale nao una tabia zake. Mtoto akirusha mguu unaruka, akivuta pumzi ya kulia unarudi. Kuna namna ya kusubiri ambayo haifundishiki kwa maandishi: mkono mmoja karibu na mgongo wa mtoto bila kumgusa, macho kwenye mshale, mdomo ukimwimbia. Mshale ukitulia kwa kitambo kidogo, namba inasomwa kwa sauti na kuandikwa mara moja, kabla ya kumshusha mtoto. Anayekagua daftari la kliniki hahitaji kuwepo siku ya kupima ili ajue kilichotokea. Akikuta uzito wa watoto wengi unaishia kwenye sifuri na nusu, 7.0, 7.5, 8.0, 8.5, anajua kwamba macho yalichoka. Watoto hawaongezeki kwa nusu kilo nusu kilo.

Hapo ndipo kalamu inapochukuliwa. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinakaa kwenye mhimili wa uzito, tuseme kwenye 7.4, na kuanza kuteleza kwenda kulia. Kalamu mkononi, bila kugusa karatasi, inapanda kutoka kwenye mwezi. Vinakutana, na hapo tu ndipo wino unashuka. Wengine huweka ukingo wa kadi nyingine kama rula, jambo zuri, hasa kwa mtoto aliyekwisha vuka miaka miwili, ambaye mistari yake iko mbali na namba za pembeni na jicho linapotea njiani. Nukta iwe ndogo. Tuseme kadi imeipa kilo moja nafasi ya sentimita moja: basi milimita moja ni gramu 100, ambazo ndizo mgawanyo mdogo kabisa wa mizani. Kalamu inayovuja ikiacha doa la milimita mbili, imepoteza nusu ya kile ambacho mizani ilijitahidi kukisema. Naona uzuri hapo, kwamba ncha ya kalamu ya kawaida na mshale wa mizani vinakaribiana kwa uwezo wa kutofautisha, na kwamba mkono wa mtu unatosha kabisa kuvilinganisha.

Ila ufundi wa vidole si mgumu. Mwanafunzi wa uuguzi anaupata kwa wiki chache. Mgumu ni ufundi wa kukataa. Nesi anapoinamia kadi, nukta za miezi iliyopita zimekwisha mwonyesha mahali ambapo nukta ya leo "ingepaswa" kuwa. Mkono unavutwa huko. Mama naye anatazama, na ana sura ya mtu anayengoja matokeo ya mtihani wake mwenyewe, kwa sababu anajua nukta ikishuka maswali yatamjia yeye. Kupandisha nukta kwa gramu 200 kungewafurahisha wote waliomo chumbani na kuisogeza foleni. Nesi ninayemheshimu anatia nukta mahali ilipo. Na ikiangukia pabaya mno, chini sana au juu sana kuliko ilivyotarajiwa, hairekebishi kwenye karatasi. Anamrudisha mtoto kwenye mizani. Anatazama tena tarehe. Anauliza kama hii kweli ni kadi ya mtoto huyu.

Swali hilo la mwisho si la mzaha pale mapacha wanapokuja. Kulwa na Doto, kadi mbili zinazofanana, mama mmoja, vurugu moja. Anayejua kazi hawapimi wote wawili kisha akakaa kuandika. Anamaliza Kulwa, uzito, nukta na mstari, anaikunja kadi na kumkabidhi mama, ndipo anasema leteni Doto.

Nukta pia inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikadanganya. Mtoto mwenye utapiamlo mkali wa aina ya kwashiakoo huvimba miguu kwa maji, na maji yana uzito. Mizani itasoma vizuri, nukta itakaa mahali pazuri, na mtoto yuko hatarini. Kwa hiyo, kabla ya kutia nukta, mikono ya nesi inashika nyayo za mtoto na kubonyeza taratibu kwa dole gumba sehemu ya juu ya miguu yote miwili. Kikibaki kishimo, nukta bado inatiwa, lakini uvimbe unaandikwa kando yake ili nukta hiyo isisomwe peke yake, na mtoto anapewa rufaa siku hiyohiyo.

Mpaka hapa tuna nukta moja, na nukta moja haina mengi ya kusema. Mtoto mwenye kilo 6.8 ni mkubwa au mdogo? Inategemea umri. Yuko salama au hayuko? Hata umri hautoshi kujibu. Tuchukue mfano wa mtoto wa kike aliyepimwa kila mwezi: kilo 5.6 akiwa na miezi mitatu, kisha 6.1, kisha 6.5, kisha 6.8 akitimiza miezi sita. Yuko chini kidogo ya mstari wa kati na anaufuata kwa ukaribu. Huyo ni mtoto mwembamba kiasi, mwenye njia yake, na nesi mwenye busara hamsumbui mama. Miezi saba, 6.8. Miezi minane, 6.8. Ukimtafuta kwenye jedwali la siku hiyo peke yake utaambiwa hana uzito pungufu, kwa kuwa mpaka wa hatari wa mtoto wa kike wa miezi minane ni kilo 6.3. Hajapoteza hata gramu moja. Lakini ziunge hizo nukta, na mstari uliokuwa ukipanda unalala chali. Mstari wa kati unaendelea kupanda juu yake, na pengo kati yao linafunguka mwezi hata mwezi.

Hapo grafu inafanya kazi ambayo daftari haliwezi. Namba zilezile zimo kwenye daftari la kliniki, safu moja chini ya nyingine, na unaweza kuzipitia kwa macho mara kumi usizione. Miezi sita ndiyo umri ambao maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena na chakula cha nyongeza kinapaswa kuanza. Mstari uliolala kuanzia umri huo una maana ambayo nesi mzoefu huisoma kabla mama hajaketi. Anauliza uji unapikwa mzito au mwepesi, mara ngapi kwa siku, nani anamlisha mama akiwa shambani, kama kuna homa au kuharisha. Hamkaripii. Anageuza kadi upande wa mama, anapitisha kalamu juu ya mstari kutoka mwanzo, na anapofika kwenye kona ananyamaza ili mama mwenyewe aseme ni mwezi gani ule na nini kilitokea. Akina mama wengi hukumbuka. Mwezi ule aliugua malaria. Mwezi ule nilipata mimba nikamwachisha.

Ubishi kati ya orodha na grafu una historia ya kuvutia. Mtoto wa kwanza tunayejua kuwa alipimwa kwa mfululizo tangu kuzaliwa hadi utu uzima alikuwa Mfaransa. Baba yake, Philibert Guéneau de Montbeillard, alikuwa akimpima urefu kuanzia mwaka 1759 hadi 1777, na rafiki yake Buffon akazichapa namba hizo katika nyongeza ya kitabu chake kikubwa cha elimu ya viumbe. Zilichapwa kama orodha. Mwanahisabati Descartes alikuwa ameshachapisha jiometri yake, chimbuko la hisabati ya jira, mwaka 1637, kwa hiyo njia ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kutia nukta. Namba zikakaa hivyo karibu miaka 150, hadi mwaka 1927, Mmarekani Richard Scammon alipozigeuza kuwa sentimita na kuzichora. Ndipo kijana yule, aliyekwisha kufa zamani, akaonekana akikua: mbio za utotoni, kupungua polepole kwa kasi, kisha mruko wa balehe. Grafu hiyo imo hadi leo katika vitabu vya elimu ya ukuaji. Aliyempima alikuwa na subira ya ajabu, na namba zake zilikuwa kweli tupu, lakini ilibidi mkono wa mtu mwingine uje kuziweka mahali pake.

Kadi yetu ilitoka Afrika Magharibi. David Morley, daktari wa watoto kutoka Uingereza, alifanya kazi Ilesha, Nigeria, tangu miaka ya 1950, na katika kijiji cha Imesi alifuatilia watoto wadogo kwa ukaribu. Aliona kwamba mtoto huanza kudhoofika miezi mingi kabla ya kufikishwa hospitali, na kwamba uzito ukitiwa kwenye grafu kila mwezi unamwonyesha mapema. Akatengeneza kadi yenye mistari miwili inayopanda na njia katikati yake. Lililowashangaza wenzake ni kwamba kadi hiyo alimpa mama aende nayo nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, wakati desturi ya hospitali ilikuwa kufungia kumbukumbu kabatini. Ilihofiwa kwamba akina mama wangezipoteza. Walizitunza. Ingia leo katika nyumba nyingi za hapa kwetu uulize kadi ya mtoto; itatoka katika mfuko uleule wenye vyeti vya kuzaliwa na karatasi za kiwanja.

Morley hakuishia hapo. Baadaye yeye na wenzake walibuni mizani ya springi ndefu, ambayo kadi ya mtoto huingizwa nyuma yake. Mtoto akining'inizwa, springi inavutika mbele ya kadi, na mama mwenyewe anapitisha ncha ya kalamu kwenye tundu la kiashirio, kwenye mwezi unaohusika, na kutia nukta. Hakuna namba iliyosomwa wala kuandikwa. Mhimili wa uzito umekuwa springi yenyewe. Mama asiyejua kusoma anauona uzito wa mwanawe ukinyooka mbele ya macho yake na kuacha alama. Naipenda sana mizani hiyo, ingawa haikuenea kama ilivyostahili.

Na mistari iliyochapwa tayari kwenye kadi, ile ambayo nukta hupimwa dhidi yake, nayo ilitiwa nukta na watu. Kwa miaka mingi dunia ilitumia mistari iliyotokana na watoto wa Marekani, wengi wao wakilishwa maziwa ya chupa. Mtoto anayenyonya ziwa la mama hukua kwa kasi miezi ya mwanzo kisha hupunguza, na kwenye mistari hiyo alionekana kuzubaa kuanzia mwezi wa tatu au wa nne. Mama akashauriwa aanze uji mapema, kwa kosa la karatasi. Shirika la Afya Duniani likaamua kupima upya. Kati ya 1997 na 2003 lilipima watoto karibu 8,500 wa Pelotas nchini Brazili, Accra nchini Ghana, Delhi nchini India, Oslo nchini Norwe, Davis katika jimbo la California, na Muscat nchini Oman, mji ambao hadi leo una familia nyingi zenye asili ya Unguja na zinazozungumza Kiswahili ndani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara na ambao maisha hayakuwabana. Ilionekana kwamba wakitunzwa vizuri, watoto wa sehemu hizo zote hukua kwa mwendo unaokaribiana mno. Viwango vipya vilitolewa mwaka 2006, mistari ya wasichana mbali na ya wavulana, na kadi za Tanzania zilizokuwa na kanda za kijani, kijivu na nyekundu zikabadilika kuifuata.

Nchini mwetu kazi hii imewahi kuvuka meza ya nesi na kuwa shughuli ya kijiji kizima. Mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983, mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa kila robo mwaka kwenye siku ya afya ya kijiji, na matokeo yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji kama zinavyopelekwa habari za mavuno na barabara. Wazee waliozoea kujadili mbolea wakajikuta wanajadili mara ngapi mtoto wa miaka miwili anakula kwa siku, na mama anarudi saa ngapi kutoka shambani. Vikaanzishwa vituo vya kulishia watoto wakati wazazi wako kazini. Nukta zilizotiwa na mkono mmoja mmoja zilifika mahali ambapo uamuzi hufanywa, na nadhani hilo lilisaidiwa sana na jinsi zilivyotiwa kwa uwazi, mbele ya watu, kila mtu akimwona mtoto wa jirani yake akining'inia.

Sitadai kwamba kila kliniki ni hivi. Foleni ni ndefu, nesi yuko peke yake, na mara nyingi kinachofanyika ni kupima, kuandika namba, kuchoma chanjo na kuita mwingine. Grafu inabaki na mapengo, au ina nukta zisizoungwa, au zimeungwa bila mtu kusema neno. Kadi ya namna hiyo inasikitisha zaidi ya kadi tupu. Sasa zinaingia tableti zinazopokea tarehe na uzito na kutoa jibu zenyewe, pamoja na mizani za umeme ambazo mama anasimama juu yake, inarudishwa kwenye sifuri akiwa hapohapo, kisha anapewa mtoto na uzito wa mtoto unaonekana peke yake. Mizani hizo nazipokea kwa mikono miwili. Kwa tableti nasita kidogo, si kwa kukosea hesabu, maana haikosei miezi iliyotimia, bali kwa sababu jibu lake mara nyingi ni neno moja la siku hiyo, na yule binti wa kilo 6.8 angeambiwa yuko sawa miezi mitatu mfululizo.

Kuna kona moja ya ufundi huu ambayo viwango havikuipangia nafasi. Nesi amemwona binti huyo, amezungumza na mama yake juu ya uji mzito, karanga na kulisha mara nyingi zaidi, na anamwambia arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu mwezi mzima ni mrefu mno kungojea. Mama anarudi. Mizani inasoma 7.1. Lakini mtoto alitimiza miezi minane siku mbili kabla ya ule upimaji uliopita, na leo, kwa miezi iliyotimia, bado ana minane. Nukta ya leo inapaswa kukaa juu ya mstari uleule wa wima, gramu 300 moja kwa moja juu ya mwenzake, na ukiziunga utapata mstari uliosimama wima, ambao mwalimu wa hisabati atakuambia hauna mteremko unaoweza kuhesabika. Nesi niliyemwona akifanya hivyo hakuziunga. Alitia nukta ya pili juu ya ya kwanza, akaandika tarehe kwa herufi ndogo pembeni ya kila moja, akamwambia mama, "Mwezi ujao tutaanzia hii ya juu," kisha akamwita mtoto aliyefuata avuliwe nguo.